Kibuyu cha Pili

Tulipomaliza kumzika mama, wanawake wa kanisa walituambia mimi na mdogo wangu Mwende tuingie nyumbani mwake tugawane vitu kabla watu hawajaanza kuondoka. Hakukuwa na mengi ya kugawana. Sufuria mbili, blanketi, Biblia ambayo hakuweza kuisoma lakini aliibeba kila Jumapili, na juu ya jiko, palipokolea moshi, kibuyu kikubwa kilichozibwa mdomo kwa gunzi la hindi. Mwende ndiye aliyekishusha. Alichomoa lile gunzi, akanusa, akakunja uso. "Ni jivu tu," akasema. Mimi niliipata harufu ile nikiwa bado mlangoni, harufu ya jivu na kunde kuukuu, nikaingia nikaketi kwenye kitanda cha marehemu.

Habari za kibuyu hicho sijawahi kumweleza mtu. Nyinyi wa rika langu mliokulia Ukambani mtazielewa upesi, na pengine mtanihukumu upesi pia. Sina neno. Mimi nilishajihukumu kitambo.

Nyumba yetu ilikuwa chini kule tambarare, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaiona milima ya Kilungu. Mawingu yalipenda Kilungu. Yalikaa juu yake kama kuku anayeatamia, yakanyesha huko huko, na sisi huku chini tukapata upepo wake tu. Dalili ya mvua ni mawingu, husema Waswahili. Aliyesema hivyo hakuzaliwa kwetu.

Kwetu watu hupanda vumbini. Mwezi wa kumi, ardhi ikiwa bado inaunguza nyayo, unafukia mbegu kwenye udongo mkavu kisha unasubiri, ili mvua ikianguka siku ya kwanza ikute mbegu iko ndani. Ukingoja mvua inyeshe ndipo ushike jembe, umechelewa, maana mvua yetu haimngoji mtu. Lakini ni kamari, na mama, ingawa alikuwa mtu wa kanisa, alijua kuicheza. Alikuwa na vibuyu viwili vya mbegu. Cha kwanza kilikuwa cha vumbini. Cha pili kilikaa juu ya moshi, mbegu zake zimechanganywa na jivu ili zisiliwe na fukusi, na hakikuguswa mpaka mvua inyeshe mara ya pili au ya tatu na ardhi ishike maji kweli. Hapo ndipo alipoziba mapengo ya mbegu zilizodanganywa zikafa. "Mvua ya kwanza ni ya kumbikumbi," alikuwa akisema. "Wacha watoke, waruke, wafe. Yetu iko nyuma."

Mwaka ninaousema hatukuwa na kitu kingine. Baba alikuwa Mombasa, bandarini, na barua zake zilikuwa zimekatika. Mbuzi tulishawauza, ng'ombe wetu wawili walishakufa, na misimu miwili ya mvua ilikuwa imetupita bila kusalimia. Tulikuwa watatu nyumbani: mama, mimi wa darasa la sita, na Mwende wa miaka minne, aliyenifuata kila mahali akiwa ameshika upindo wa rinda langu. Jioni ambayo mama alizigawa mbegu za mwisho kwenye vile vibuyu, tulilala njaa ili zisije zikapikwa. Alitutazama akasema, "Hii mbegu ikiisha, boma inagawanyika."

Halikuwa fumbo. Jirani yetu, mama Muthoka, alikuwa ameshagawa watoto wake wawili kwa jamaa, mmoja kijiji cha Tulia na mwingine kwa shangazi yake huko mbali, na ukipita jikoni kwake ulisikia kuni peke yake. Nilimtazama Mwende akichezea jivu lililomwagika, nikajua mama alikuwa anamsema nani. Mimi nilikuwa mkubwa, nilichota maji. Wa kugawanywa ni mdogo.

Shuleni nako kulikuwa na Mwalimu Mutisya. Alikuwa kijana, ametoka chuoni juzi juzi na suruali moja ya kijivu, na aliamini kwamba nusu ya shida zetu ilikuwa ni kutojua. Alisema hali ya hewa haisomwi ubaoni. Akatutoa nje darasa zima, akatulaza chali uwanjani, wasichana huku na wavulana kule, tutazame juu. Siafu wakatuuma, tukacheka mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini kuuliza kama kuna aliyerogwa. Tulitengeneza kipima upepo kwa mkono wa shati lililochakaa. Alitufundisha kwamba radi ikianza kupiga tusikimbilie mti, tuchuchumae mahali pa chini, miguu pamoja, na tuachane na majembe. Nyumbani mama, kulipoanza kunguruma, alikuwa anakifunika kioo kwa leso. Nikamwambia kioo hakina hatia. Alicheka, lakini leso hakuitoa.

Kwenye ukuta wa darasa alibandika karatasi ya manila aliyochora mawingu mwenyewe kwa kalamu za rangi. Juu kabisa yalikuwa yale membamba kama nyuzi. Katikati, ya pamba. Chini alitandaza wingu moja la kijivu lisilo na umbo, baya kuliko yote, na niliona kama wino ulikuwa umemwishia. Na pembeni, kutoka chini hadi juu ya karatasi, lilisimama wingu moja refu jeupe, kichwa chake kimetanuka kikawa bapa kama kigoda. "Hili sasa ndilo baba yao," Mwalimu akasema, na fimbo yake ikapanda nalo mpaka juu. "Hili likija, hakuna kitu inabaki kavu."

Sikusikia kingine siku hiyo. Alizungumza juu ya lile la kijivu pia, alizungumza sana, akatuandikia ubaoni, nasi tukanakili. Mkono wangu uliandika. Mimi mwenyewe nilikuwa bado kule juu, kwenye kichwa cha baba yao.

Kisha akanichagua kusoma kipima mvua cha shule, kwa sababu ya jina langu. Naitwa Mumbua, jina la msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha, na yeye aliona ni mzaha mzuri. Kila asubuhi saa tatu niliingia kwenye kiua cha waya, nikanyanyua faneli ya shaba, nikatoa chupa iliyokuwa ndani, nikaimimina kwenye glasi nyembamba yenye mistari. Hakukuwa na cha kumimina. Niliandika sifuri. Kesho yake sifuri. Nilizichora vizuri, za mviringo kamili, ukurasa mzima, na Mwalimu akinipita alisema, "Usichoke, Mumbua. Hata sifuri ni kazi."

Jioni, tukikaa kwenye moshi, mama aliniuliza kila siku, "Leo kitabu inasema nini ya mvua?" Yeye hakuingia darasani hata siku moja. Kwake kitabu kilikuwa kitabu. Cha kanisani na cha shuleni vilikuwa mtu na ndugu yake, na hakuna kati yao aliyeweza kusema uongo. Nilipenda sana kuulizwa. Nilikaa nimenyoosha mgongo, nikamwambia mawingu ya nyuzi, mawingu ya pamba, na kila mara nikamalizia na baba yao. Mama alisikiliza huku mdomo umeachama kidogo, kama mimi ndiye mkubwa na yeye ndiye mtoto, na kesho yake akamsimulia mama Muthoka.

Likaja Alhamisi moja mchana. Nililiona kabla ya mtu yeyote, likipanda nyuma ya Kilungu, jeupe, refu, na kichwa chake kikaanza kutanuka kama kwenye karatasi. "Ndilo hilo!" nikapiga kelele katikati ya hesabu. Mwalimu alitazama mara moja tu, hakutabasamu. Alifunga madirisha, akatukalisha sakafuni katikati ya chumba. Kisha upepo ukaja na vumbi jekundu, bati la stoo likang'oka likaenda likipiga kelele uwanjani, na mvua ya mawe ikaanguka juu yetu kwa kishindo ambacho hata maombi ya mwalimu mkuu hayakusikika. Wenzangu walilia. Mimi nilikuwa nacheka. Ninaikumbuka vizuri furaha ile, na ningetoa chochote kuisahau.

Ijumaa asubuhi chupa ya kipima mvua ilikuwa imejaa na kufurika. Nilijaza glasi, nikamwaga, nikajaza tena. Saa kumi nilikimbia nyumbani bila kuaga mtu.

Nilimkuta mama, mwaitu kama tulivyomwita kwa Kikamba, amesimama pembeni mwa shamba na kibuyu cha pili mkononi. Mwende alikuwa amekaa juu ya jiwe. Matuta yaliyozuia maji yalikuwa yamepasuka sehemu tatu, na mbegu za vumbini, zile za kibuyu cha kwanza, zilikuwa zimebebwa na maji mpaka korongoni. Nyingine ulikuwa unaziona zimelala kwenye mchanga, na ndege wameshafika.

"Mwaitu, unangoja nini?" nikamwuliza.

"Nangoja ya pili."

"Lakini udongo ni maji! Kwa mama Muthoka wanapanda."

"Mama Muthoka apande. Ya kwanza ni ya kumbikumbi."

"Hii si ya kumbikumbi," nikamwambia. Sauti yangu ilikuwa ya Mwalimu, mpaka ile namna yake ya kunyoosha kidole. "Hii ni ile baba yao. Nimepima mimi mwenyewe, chupa imejaa ikamwagika. Inarudi tena. Ukingoja, udongo unakauka na tutakuwa tumechelewa."

Mama alichuchumaa akauzamisha mkono udongoni, ukaingia mpaka karibu na kiwiko. Ulipotoka ulikuwa mweusi kwa majimaji. Aliutazama muda mrefu. Kisha akanitazama mimi.

"Kitabu inasema itarudi?"

Kitabu hakikusema. Mwalimu hakusema. Hakuna mtu chini ya mbingu aliyesema ila mimi. Lakini nilikuwa nimeandika sifuri wiki nyingi, na nilitaka niwe mimi, Mumbua, niliyeileta mvua nyumbani. Nilikuwa pia na njaa, na mtoto mwenye njaa huona mbegu imeshakuwa chakula pindi inapoingia ardhini.

"Ndio," nikasema. "Imeandikwa."

Mama aliling'oa lile gunzi. Tulipanda mpaka jua likazama na kesho yake tukaendelea, yeye akichimba, mimi nikifukia, na Mwende akitumbukiza mbegu. Aliambiwa mbili kila shimo, na kwa kuwa ndizo namba alizozijua, aliimba "moja, mbili, moja, mbili" shamba zima bila kukosea. Mwisho mama alikipindua kibuyu akakipigapiga kwenye kiganja, likatoka jivu.

Zilichipuka, na hilo ndilo ninaloona gumu kusimulia. Zilichipuka vizuri ajabu, mistari mizuri ya kijani, mahindi na kunde, na mama alipita katikati yake asubuhi akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Mwende aliisalimia mimea mmoja mmoja. Kwa siku hizo chache nilitembea njiani kichwa juu, na nadhani hata salamu za watu niliziitikia kama mtu mwenye cheo.

Baada ya hapo nikarudi kwenye sifuri. Anga ilifunguka ikawa bluu tupu, safi, bila hata uzi. Kilungu ilivaa mawingu yake kama kawaida. Mahindi yalijikunja majani, kunde zikalala, na mama akaacha kuimba. Asubuhi moja nilikunywa nusu ya maji yangu ya chupa ya shule, nusu iliyobaki nikaimimina kwenye faneli ya shaba, kisha nikaipima na kuandika kwenye daftari: milimita mbili. Ilikuwa akili ya kitoto, lakini haikuwa utundu. Nilidhani labda namba ikianza kuandikwa, mvua itaona aibu ije.

Mwalimu Mutisya alitazama daftari, akatazama vumbi lililozunguka kipima mvua. Nilingoja fimbo. Hakuishika.

"Mumbua. Kuna nini?"

"Mwalimu, baba yao itarudi lini?"

Alipoelewa, aliniambia nilete daftari la somo. Akafungua ukurasa, akanipa nisome kwa sauti. Nikasoma, na yalikuwa maandishi yangu mwenyewe, yamenyooka, yamepigwa alama ya vema kwa wino mwekundu: wingu refu la radi hupiga muda mfupi, huharibu, likaenda zake, mvua yake pekee isimfanye mtu apande. Wingu la kijivu lililotanda halina kelele, hunyesha polepole siku nyingi, na ndilo linalolisha watu.

"Mlipanda?" akauliza.

"Yote."

Alikaa kwenye ngazi ya darasa, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hakuwa ametuzidi umri sana. Alifungua karatasi iliyofunga viazi vyake vya mchana, akanipa. Nilivila vyote viwili hapo hapo mbele yake. Hata kimoja sikumpelekea Mwende.

Nyumbani sikusema. Kila siku nilijiambia nitasema kesho. Mama Muthoka, ambaye mimea yake nayo ilikuwa imekauka, alikuja akasimama mlangoni akasema kwa uchungu, "Si ulituambia mtoto wako amesoma hizo mambo?" Nilikuwa ndani, nyuma ya pazia la gunia. Nikasikia mama akimjibu, "Kitabu haikudanganya. Ni sisi hatuna bahati." Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja kijiji alikozaliwa. Ningeweza kutoka. Pazia lenyewe lilikuwa gunia tu.

Wiki iliyofuata alimfunga Mwende mgongoni akaenda kwa miguu mpaka Kilungu, kwa kaka yake. Alirudi siku ya tatu akiwa na mbegu kidogo kwenye kitambaa, na mgongo wake ulikuwa mtupu. Nilisimama njiani nikitazama nyuma yake, nikidhani pengine mtoto anatembea polepole.

"Mwende yuko wapi?"

"Amebaki kula," mama akasema. "Mvua ikishika, atarudi."

Usiku nililala nikiwa nimeshika upindo wa rinda langu mwenyewe. Sisi wawili tulivuka kiangazi kile kwa mahindi ya njano ya msaada, yale yaliyonuka gunia, ambayo tuliyachemsha tangu asubuhi na bado yakakataa kuiva. Jioni tulikaa kwenye moshi kama zamani. Nilingoja aniulize kitabu kimesema nini. Hakuniuliza jioni hiyo, wala jioni nyingine yoyote, mpaka alipokufa.

Mvua ilishika mwaka uliofuata, ile ya kijivu, isiyo na kelele. Nililitambua wingu lake na sikumwambia mtu. Mama alikwenda Kilungu kumchukua mtoto. Mwende alikuwa na viatu, alikuwa amenona, na alipomwona mama alijificha nyuma ya mke wa mjomba. Mjomba akasema mwache amalize mwaka. Mwaka ulipoisha akawa ameanza shule. Kisha ikawa aibu hata kuuliza. Akija kwetu wakati wa Krismasi alikaa kwenye ukingo wa kiti akajibu "ndio" na "la," na huyo mke wa mjomba ndiye aliyemwita mwaitu, na mama akamwandalia chai kwenye kikombe cha wageni.

Mimi nikawa mwalimu, cheka ukitaka. Miaka yote hiyo nimefundisha watoto mawingu, na kila mara nimeanza na lile la kijivu, nikalisimulia mpaka wakapiga miayo. Kisha naona macho yao yanakimbilia lile refu pembeni, na najua wananakili tu. Sijapata njia ya kuwazuia.

Mama akiwa mgonjwa, macho yameshaingia ukungu, nilijaribu. Nilimshika mkono nikasema, "Mwaitu, ile mwaka ya Mwende, kitabu..." Akanikatiza. "Kitabu ilikupa kazi," akasema. "Usiisemee vibaya." Akageukia ukutani, akalala. Siku tatu baadaye tulikuwa tunatafuta jeneza.

Kwenye karatasi ya ratiba ya mazishi, iliyochapwa na kijana wa mjomba, mimi nimeandikwa mtoto pekee wa marehemu. Mwende yuko mstari wa tano, miongoni mwa wapwa. Nilimwona akiisoma. Aliikunja vizuri akaiweka mkobani.

Sasa alikuwa amesimama mbele yangu na kile kibuyu, akikigeuzageuza. Mama hakukijaza tena tangu mwaka ule. Alipanda alichokipata, mara moja, bila akiba.

"Ilikuwa ya nini hii?" Mwende akauliza.

"Ya mbegu."

"Na mbona iko tupu?"

"Zilipandwa zote. Wewe ndiye ulikuwa unatumbukiza. Mbili mbili."

Alijaribu kukumbuka, niliona akijaribu kweli, kwa adabu. "Sikumbuki," akasema. "Zilimea?"

"Zilimea."

"Afadhali," akasema.

Akachungulia nje. Nyuma ya Kilungu wingu lilikuwa limesimama, refu, jeupe, kichwa kimeanza kutanuka. Akaanza kutafuta leso yake.

"Wacha nikimbie kabla ya mvua."

"Hiyo haifiki huku," nikamwambia.

"Huku haifiki," akasema, "lakini kwetu inanyesha." Akaniwekea kibuyu mapajani, akanipa mkono kama wanavyopeana watu msibani, akaenda kwao.